Biashara Huru na Mama Mwenye Mzigo

Wako mabwana wakubwa, wa kwetu na wa ng'ambo, ambao kila wasimamapo kusema hutuambia kwamba dawa ya umaskini wa Afrika ni moja tu, nayo ni biashara huru. Ondoeni ushuru mipakani, wasema, fungueni milango, bidhaa ziingie na kutoka bila kizuizi, nanyi mtaiona neema. Sisi hatusemi kwamba mabwana hawa ni waongo. Twasema tu kwamba wazungumza sana juu ya bidhaa, na wasahau kumtaja anayezibeba. Na hapa kwetu Usambara anayezibeba ni mwanamke.

Mtu yeyote aliyetoka Kifungilo kwenda Lushoto mjini alfajiri anajua nisemalo. Kifungilo inajulikana nchi nzima kwa ajili ya shule ya wasichana ya masista, na mgeni akifika husifu baridi, misitu na maua. Lakini kabla mgeni hajaamka, akina mama wamekwisha kuteremka na matenga ya karoti, kabichi, viazi, mapeasi na plamu, wengine mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Mizigo hiyo hupakiwa katika malori, malori yakateremka zile kona za Soni mpaka Mombo, mwendo wa kilomita kama 32, na toka Mombo yakashika njia ya Dar es Salaam au ya Tanga. Sehemu nyingine hupita Horohoro ikaingia Kenya mpaka Mombasa. Hiyo, ndugu msomaji, ni biashara ya kimataifa, ingawa hakuna aiitaye hivyo maadamu bado iko kichwani mwa mama.

Tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa habari za Mwingereza mmoja, David Ricardo, ambaye mwaka 1817 aliandika kwamba Ureno ikitengeneza divai na Uingereza ikatengeneza nguo, kisha wakabadilishana, wote wawili watafaidika, hata kama Ureno yaweza kutengeneza vyote viwili kwa kazi ndogo zaidi. Hesabu yake ni sahihi. Nimeirudia ubaoni mara nyingi na sikuona kosa. Lakini katika hesabu ile Ureno ni mtu mmoja na Uingereza ni mtu mmoja. Hapana anayeuliza ni nani aliyekanyaga zabibu, ni nani aliyesokota uzi, alilipwa nini, na jioni fedha iliingia mfuko wa nani. Nchi yaweza kupata faida, na mwanamke wa nchi hiyo hiyo akapata maumivu ya mgongo.

Wala watu wetu hawakuanza jana kuijua biashara huru. Mwaka 1833 Sultani Said wa Unguja alitia sahihi mkataba na Marekani, na ushuru wa bidhaa zao ukawekwa asilimia 5 tu. Ndipo nguo za pamba za viwanda vya Marekani zilipofurika pwani, na kutoka pwani zikapanda bara pamoja na misafara. Mpaka leo twaiita nguo ile merikani, na wako vijana wanaolitamka jina hilo bila kujua kwamba ni jina la nchi. Vitambaa vilivyofumwa kwa mikono ya watu wetu wenyewe vilishindwa.

Katika milima hii biashara ya namna ile ilikuja na baruti. Alipokufa Mfalme Kimweri wa Vugha katika miaka ya 1860, Semboja aliteremka akakaa Mazinde, chini ya mlima, mahali misafara ilipopita katika bonde la Ruvu. Alipata bunduki, na bunduki zililipwa kwa pembe na kwa watu. Wanawake na watoto wa Usambara wakakamatwa na kuuzwa. Sielezi haya ili kuwatukana wazee. Naeleza kwa sababu wako watu wanaotaka tuamini kwamba soko likiachwa peke yake hupanga mambo vizuri. Soko la Mazinde liliachwa peke yake, na lilichopanga ni kumpa mwanamke bei.

Baadaye walikuja waungwana wa Ulaya. Katika Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 waliandika kwamba katika bonde la Kongo, na kutoka hapo kuelekea mashariki mpaka Bahari ya Hindi, biashara ya mataifa yote itakuwa huru. Nchi yetu ilikuwa ndani ya mstari ule. Uhuru wa biashara uliandikwa kwa wino, na uhuru wa watu ukaondolewa katika miaka hiyo hiyo. Lushoto ikaitwa Wilhelmstal, wakaja walowezi, na kuanzia mwaka 1907 kila Msambaa mwanamume alipewa kadi ya kazi, akilazimika kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Mume akienda na kadi, jembe la nyumbani lilibaki kwa nani? Historia za vitabu huhesabu siku za mwanamume kwa sababu ziliandikwa katika kadi. Siku za mwanamke hazikuandikwa popote.

Nimekwenda nyuma mbali, nami narudi.

Kila mtu wa Tanga ajua habari ya mkonge. Mwaka 1964 Tanganyika ilivuna karibu tani 230,000, na hakuna nchi iliyotupita. Kisha viwanda vya ng'ambo vikagundua kamba za plastiki, bei ikaanguka, na kufika miaka ya 1990 mkonge wote wa nchi ulikuwa kama tani 20,000. Hakuna mtu wa Korogwe wala Muheza aliyekosa lolote, na hakuna aliyevivu zaidi mwaka ule kuliko mwaka uliotangulia. Mwalimu Nyerere hakuchoka kutukumbusha kwamba trekta lile lile hutugharimu mkonge mwingi zaidi kila tunapokwenda kulinunua. Watu waliposikia maneno yale walifikiri ni habari ya Serikali. Ilikuwa vile vile habari ya mama aliyekuwa akiwapikia manamba, akauza maandazi kambini, na siku kambi ilipofungwa akakosa mnunuzi.

Lakini mfano wa chai ndio unaotuhusu zaidi huku juu. Chai ilipandwa kwanza katika nchi hii Amani, Usambara ya Mashariki, mwaka 1902, na Wajerumani. Baada ya Uhuru ikafika kwa wakulima wadogo wa Bumbuli na vijiji vya jirani, na Serikali ikawajengea kiwanda Mponde. Chai si kama mahindi. Mahindi yatakaa ghalani yangoje bei. Jani la chai likikwisha kuchumwa lina saa chache tu, kisha limeharibika. Kwa hiyo anayelichuma hana nguvu ya kubishana: lazima auze leo, kwa kiwanda kilicho karibu, kwa bei iliyopangwa. Na achumaye ni nani? Ni mama na binti zake, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, tangu umande haujakauka. Katika mashamba makubwa hulipwa kwa kilo, na kilo ya jani bichi ni jani jingi.

Kiwanda cha Mponde kilibinafsishwa katika miaka ile ya ubinafsishaji, ukazuka ugomvi mrefu baina ya wakulima na uongozi wake, na mwaka 2013 kikafungwa. Serikali ilikirudisha mikononi mwake mwaka 2016, na kikakaa kimya miaka kadhaa kabla mashine hazijazunguka tena. Mwenye kujua chai ajua maana ya miaka hiyo. Mchai usipokatwa na kuchumwa hurefuka ukawa mti, na shamba likawa kichaka. Wanaume wengi waliteremka mijini kutafuta kazi. Akina mama walibaki, maana watoto hawateremki, wakafanya vibarua katika bustani za watu wengine ili wapate chumvi na sare za shule.

Sasa jambo la ajabu, ambalo nawaomba wasomaji walitafakari. Tangu mwaka 2001 nchi za Umoja wa Ulaya zimezifungulia mlango nchi maskini kabisa, na Tanzania imo, kwamba zipeleke huko kila kitu isipokuwa silaha, bila ushuru. Kila kitu! Chai iliyo ndani ya pakiti nzuri yenye picha ya milima ya Usambara ingeweza kuingia Hamburg bila kulipa hata senti moja ya forodha. Lakini chai yetu nyingi bado hutoka ikiwa katika magunia, ikauzwa mnadani Mombasa kwa dola, ikachanganywa na chai za nchi nyingine, na kwa kawaida ikapata bei ya chini kuliko ya Kenya. Mnada wetu wenyewe ulianza Dar es Salaam mwezi wa Novemba 2023 tu. Faida kubwa hupatikana penye pakiti, na pakiti haiko kwetu.

Maana yake ni nini? Ni kwamba ushuru haukuwa ndio ukuta. Ushuru uliondolewa zaidi ya miaka 20 iliyopita na mama wa Bumbuli hakuona badiliko lolote begani. Ukuta ni barabara ya vumbi ambayo lori halipandi mvua ikinyesha. Ni umeme unaokatika jani likiwa ndani ya mashine. Ni cheti cha afya ya mimea, ni mkopo unaodai hati ya shamba, na shamba limeandikwa jina la mume au la shemeji. Mtu akikufungulia lango la mbele na wewe umefungwa miguu, asikuambie kwamba umeshindwa mbio.

Ndiyo sababu mimi siwaungi mkono wale wanaofikiri kwamba tukifuta mikataba yote tutakuwa tumemkomboa mwanamke. Tusijidanganye. Mama zetu wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, milango ilipokuwa kama imefungwa: foleni za sabuni, foleni za sukari, kanga moja ikigombewa. Aliyesimama katika foleni ile alikuwa mwanamke, na aliyerudi mikono mitupu akamfulia mtoto kwa majani ya mti alikuwa mwanamke. Milango ilipofunguliwa, kuanzia mwaka 1984 na zaidi baada ya mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, sabuni ilionekana dukani. Atakayemwambia mama wa Mlalo kwamba hayo hayakuwa nafuu, ajitayarishe kujibiwa.

Lakini pamoja na sabuni zikaja nguo za mitumba, na hapo pana fundo.

Tulikuwa na viwanda. Urafiki cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, Mwatex kikawa Mwanza, na vingine. Wasichana waliotoka vijijini walipata mshahara wao wa kwanza katika viwanda vile, wakawasomesha wadogo zao. Pamba yetu, nguo yetu, mfanyakazi wetu. Siwezi kusema kwamba viwanda hivyo viliuawa na mitumba peke yake. Uongozi mbovu na mashine chakavu na ukosefu wa fedha za kigeni vilikuwa vimekwisha kuvidhoofisha. Lakini mgonjwa aliyekuwa akihema alikaliwa kifuani. Kufika miaka ya 1990 vingine vilikuwa vimefungwa na vingine nusu hai, na sehemu kubwa ya pamba yetu ikawa yasafirishwa ikiwa pamba tu, haijawa hata uzi.

Basi leo nenda soko lolote la Lushoto. Utamkuta mama amefungua belo, ametandika turubai chini, anapiga kelele za bei. Alilinunua bila kujua lina nini ndani. Likiwa zuri, watoto wamekula mwezi mzima. Likiwa na matambara, mtaji umekwenda. Huyu naye ni mfanyakazi mwanamke wa biashara huru. Je, tumwambie yeye ni adui wa taifa kwa sababu auza mashati yaliyotupwa na Wamarekani? Mimi sitamwambia hivyo, na kijana yeyote wa chama atakayekwenda kumwambia hivyo atatuharibia kazi. Lakini vile vile sitakubali kuambiwa kwamba taifa linalolima pamba yafaa livae nguo za watu wengine milele.

Marais wa Afrika Mashariki waliliona fundo hili. Mwezi wa Machi 2016 walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Mara wafanya biashara ya nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na serikali yao ikatutishia kwamba tutanyimwa ile ruhusa ya kuuza bidhaa kwao bila ushuru, iitwayo AGOA, iliyoanza mwaka 2000. Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma. Rwanda ilikataa, na mwezi wa Julai 2018 ikaondolewa ruhusa hiyo kwa upande wa nguo. Hebu tazameni vizuri. Biashara iliitwa huru, lakini nchi ilipotumia uhuru wake kuchagua watu wake wavae nini, iliadhibiwa. Mnyonge katika soko hili ni huru kununua.

Na hata anayekubali masharti yote hana uhakika wa kesho. Lesotho ni nchi ndogo ya milima kama yetu. Walijenga viwanda vya kushona nguo za kuuza Marekani kwa ruhusa hiyo hiyo, na wengi wa washonaji ni wanawake. Tarehe 2 Aprili 2025 Rais wa Marekani alitangaza kuitoza Lesotho ushuru wa asilimia 50. Baadaye, mwezi wa Agosti, ukashushwa ukawa asilimia 15, lakini kabla ya hapo waliotoa oda walikuwa wameogopa, viwanda vimepunguza kazi, na washonaji wamerudishwa nyumbani. Wanawake wale hawakugoma wala hawakushona vibaya. Karatasi moja ilionyeshwa mbele ya picha, mbali nao kilomita maelfu, na kazi ikapungua.

Wa Bangladesh walipatikana na makubwa zaidi. Huko wasichana wa vijijini waliingia viwandani kwa mamilioni, na ni kweli kwamba mshahara uliwapa sauti nyumbani ambayo mama zao hawakuwa nayo, tusilifiche hilo. Lakini tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza liliwaangukia, wakafa watu 1,134, wengi wao wanawake. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku iliyotangulia, nao wakaamriwa kuingia kazini. Kima cha chini wakati ule kilikuwa taka 3,000 kwa mwezi, kama dola 38. Wenye maduka ya Ulaya na Marekani walikuwa wakitafuta bei ndogo, na bei ndogo hutafutwa mahali ambapo mwanamke hana chama cha wafanyakazi. Tutakapokaribisha viwanda vya nguo katika nchi yetu, jambo ninalolitaka mimi kwa moyo wote, tuyakaribishe tukiwa tumeukumbuka mwezi ule wa Aprili.

Kwa hiyo naona Serikali yetu ilifanya vyema mwaka 2016 ilipokataa kutia sahihi ule mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya, na Bunge likaukataa vile vile. Mzee Mkapa, aliyekuwa amestaafu, aliandika na kusema wazi kwamba mkataba ule ungeua viwanda vyetu vichanga. Sisi tulikuwa tayari tunaingiza bidhaa zetu Ulaya bure. Tulitakiwa kulipa kwa kuwafungulia wao sehemu kubwa ya soko letu. Ndugu zetu wa Kenya, ambao hawamo katika kundi la nchi maskini kabisa, walikuwa na sababu zao: mwaka 2014, mkataba ulipochelewa, maua yao yalitozwa ushuru Ulaya kwa miezi michache, na katika mashamba ya maua ya Naivasha wafanyakazi wengi ni wanawake. Wao walitia sahihi peke yao mwezi wa Desemba 2023 na mkataba ukaanza kazi tarehe 1 Julai 2024. Hatuwalaumu. Lakini Jumuiya yenye forodha moja tangu mwaka 2005 sasa ina mwanachama mwenye mlango wake wa pembeni, na yafaa maofisa wetu waangalie ni nini kitakachopita mlango huo.

Sasa tunaambiwa habari njema ya Eneo Huru la Biashara la Afrika. Lilitiwa sahihi Kigali tarehe 21 Machi 2018, biashara yake ikaanza rasmi tarehe 1 Januari 2021, na Tanzania imejiunga. Mimi nalipenda jambo hili. Mwafrika kumuuzia Mwafrika mwenzake ni ndoto ya wazee wetu waliodai Uhuru. Viongozi wamekwenda mbele zaidi, mwezi wa Februari 2024 wakapitisha itifaki maalumu ya wanawake na vijana katika biashara. Vizuri sana. Lakini itifaki haibebi tenga. Mwezi wa Machi 2021, ndani ya Jumuiya yetu hii hii ya Afrika Mashariki, ambamo soko la pamoja lilikwisha kuanza tangu mwaka 2010, Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Zuio halikudumu, lakini malori yalisimama mpakani. Mwenye malori 20 hungoja. Mama aliyekopa mtaji wa magunia matatu hangoji. Mkopo una riba na mtoto ana njaa.

Kwa wafanyabiashara wadogo Jumuiya imeweka utaratibu rahisi: bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 zapita kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa, bila wakala. Ni utaratibu mzuri. Ninapoutaja mikutanoni, akina mama hutazamana. Hawakuusikia! Kwa hiyo mwenye haki ya kupita mlango wa mbele hulipa vijana wa pikipiki wampitishie mzigo njia za panya, na akikamatwa huko hupoteza mzigo, na mara nyingine huvunjiwa heshima yake, naye hana pa kushtaki kwa sababu ameambiwa kwamba ni mwizi wa ushuru. Ushuru wenyewe haudaiwi! Huu ni uzembe wetu sisi, si wa Brussels wala Washington.

Na kabla ya kufika Horohoro, tuanze na mizani ya hapa nyumbani. Mfanyabiashara akija na lori hununua karoti na viazi kwa gunia, na gunia lenyewe ni lumbesa: linajazwa mpaka mdomoni, kisha linaongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba. Sheria ya vipimo imekataza, gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wako kazini. Kabichi hukadiriwa kwa macho shambani. Yule mama aliyelima, akapalilia, akamwagilia kwa ndoo kiangazi chote, hajui ameuza kilo ngapi. Asiyejua ameuza kilo ngapi hawezi kujua bei yake, wala hawezi kuilinganisha na bei ya Mombasa, sembuse ya Hamburg. Biashara huru kwake ni dalali aliye huru.

Katika miaka ya 1950 Waingereza walileta Usambara mpango wao wa matuta. Walikuwa na wataalamu, walikuwa na ramani, walisema ni kwa faida ya ardhi yetu, na pengine juu ya udongo walisema kweli. Lakini hawakumuuliza mwenye jembe, na mwenye jembe alikuwa mwanamke, ambaye matuta yale yalimwongezea kazi juu ya kazi. Watu walikataa, TANU ikawasikiliza, na mpango ukafa kabla ya Uhuru. Bibi Titi Mohamed na wenzake hawakungoja kualikwa. Wauza vitumbua na wapika pombe ndio waliojaza mikutano na kununua kadi wakati wasomi wengi walikuwa bado wanahofia mishahara yao. Wajukuu wa akina mama hao leo wanapangiwa soko la watu zaidi ya bilioni moja, na tena hawakuulizwa.

Basi haya ndiyo tunayoyataka katika matawi yetu ya Lushoto na Bumbuli, nasi tutayarudia mpaka yasikike.

Mazao yote yanunuliwe kwa kilo, na kila soko la kijiji liwe na mizani iliyopigwa muhuri, isiyo mali ya mnunuzi. Jina la mwanamke achumaye chai liandikwe katika daftari la wakulima pamoja na la mumewe, na fedha ya jani ipite katika akaunti ambayo yeye aweza kuitoa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilimpa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi; halmashauri za vijiji zinapogawa hati ziitumie, zisitwambie habari za mila. Wajumbe wetu waendapo Accra, Arusha au Geneva kujadili ushuru, ndani yao wawemo wanawake waliowahi kuuza kitu sokoni, si wake wa wakubwa. Kabla ya bidhaa yoyote ya nje kuondolewa ushuru, iulizwe kwanza ni mwanamke gani wa hapa anayeitengeneza, na apewe muda wa kujiandaa.

Kuhusu mitumba, tusifunge mlango kwa siku moja. Kila shilingi ya ushuru inayotozwa juu ya belo ipelekwe katika viwanda vya uzi na nguo, na nafasi za kwanza za kazi na za kuuza nguo hizo wapewe wale wale waliokuwa wakikaa juu ya turubai.

Na fomu za mpakani ziandikwe kwa Kiswahili, maana Umoja wa Afrika ulikubali lugha hii kuwa lugha yake ya kazi mwezi wa Februari 2022. Zibandikwe katika ofisi za kata na katika masoko, si Horohoro peke yake. Wakati huo huo nawaomba akina mama wote walio wanachama, kuanzia soko lijalo, wapime wanachouza kabla hakijatiwa katika gunia la mtu, waandike kilo na bei waliyolipwa, na karatasi hizo wazifikishe kwa katibu wa tawi kila mwisho wa mwezi.